Ripoti ya kitabu kwa mtoto ambaye bado hawezi kuandika ripoti

Jumatano jioni ujumbe wa mwalimu unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa: kila mwanafunzi asome kitabu kimoja cha hadithi, kisha Jumatatu alete mradi wa kukieleza. Kuanzia hapo, katika nyumba nyingi za Nairobi, kitabu chenyewe hakizungumziwi tena. Kinachosakwa ni manila, gundi na boksi tupu. Mtu anatumwa saiba kuchapisha picha za rangi. Jumapili usiku mtoto amekwisha kulala, na mama yake ndiye aliye mezani na makasi. Kesho yake ukuta wa darasa unapendeza, lakini mwalimu hana namna ya kujua nani alisoma nini.

Lawama huangukia mtaala. Mtaala wa umilisi (CBC) ulianza kutumika katika madarasa ya chini Januari 2019, ukichukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, na uliingiza miradi na kazi za mikono katika nyumba za wazazi ambao wenyewe walifundishwa kwa ufahamu wa maswali kumi na insha ya Ijumaa. Wengi wao hawakuwahi kuelezwa mradi wa kitabu unapima nini hasa. Naamini ukifanywa vizuri, mradi huu ni miongoni mwa mambo mazuri sana ambayo shule inaweza kumpa mtoto wa miaka saba. Ukifanywa vovyo vovyo unakula pesa za mzazi na kumfundisha mtoto kwamba kitabu ni kisingizio cha kupaka rangi. Inafaa basi tuufumue polepole.

Kazi tatu zilizofungwa pamoja

Mtoto anapoambiwa aeleze kitabu alichosoma, anadaiwa mambo matatu kwa mpigo. Ayatambue maneno yaliyoandikwa. Aelewe yanasema nini. Kisha akitoe alichoelewa kwa njia ambayo mtu mwingine atakipata. Sisi watu wazima hatuoni mipaka ya kazi hizi kwa sababu tumezizoea. Mtoto wa Gredi ya 2 anaihisi kila moja kivyake.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili katika hesabu fupi: uwezo wa kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Alama yenyewe ni ya kuzidisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto anayeelewa kila hadithi anayosimuliwa lakini hajashika herufi hawezi kusoma. Vilevile hajasoma yule anayetamka kila neno bila kupata maana.

Huyu wa pili ni rahisi sana kutuponyoka katika Kiswahili. Silabi zetu husomwa jinsi zilivyoandikwa, kwa hiyo aliyeshika ba, be, bi, bo, bu na jamaa zao anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti safi, nawe ukafurahi, kumbe hajapata chochote. Kwa mtoto wa Nairobi tatizo lina sababu ya ziada: Kiswahili cha kitabuni sicho anachokisikia akicheza. Uwanjani ni Sheng, kwenye katuni ni Kiingereza, ushago ni lugha ya nyanya. Akikutana na “akaghadhabika” au “kichakani” atalitamka bila kosa, lakini kichwani hakuna picha iliyojitokeza.

Ripoti ya kawaida ya kitabu, ile ya jina la mwandishi, muhtasari na mafunzo, humpima mtoto huyu kwa njia aliyo dhaifu nayo kuliko zote, yaani kalamu. Mtoto anayeweza kukusimulia hadithi kwa dakika tano bila kupumua, mpe penseli uone: “Hadithi ilikuwa nzuri. Niliipenda.” Nguvu zote zimeishia kwenye umbo la herufi na mahali pa nukta. Ukimhukumu kwa sentensi hizo mbili utasema hakuelewa, na utakuwa umekosea.

Mradi wa ubunifu huja kuiondoa shida hiyo moja. Unabadilisha kazi ya tatu peke yake: badala ya kuandika, mtoto atoe alichoelewa kwa mdomo, kwa mikono, kwa mwili au kwa picha. Kazi ya kwanza na ya pili zinabaki palepale. Hapa ndipo tunapopotea wengi, maana tunaishughulikia ya tatu mpaka zile mbili zinatoweka.

Kwa hiyo kila ninapoona mradi najiuliza swali moja: mtoto angeweza kuufanya bila kukifungua kitabu? Kama angeweza, hiyo ni kazi ya sanaa, na sanaa ina kipindi chake. Mradi unaopendwa kuliko yote, wa kuchora jalada jipya la kitabu, huanguka hapa. Mtoto hulitazama jalada lililopo, akalichora tena kwa rangi nyingine, na ndani hakuingia.

Hadithi moja, miradi kadhaa

Tuchukue hadithi ndogo niliyoitunga kwa ajili ya mfano. Makena, msichana wa miaka saba, anatumwa na nyanya yake ampelekee shangazi kuku huko Kayole. Kabla hawajaagana, nyanya anamwagia kuku punje za mahindi huku akimwita, na zinazobaki anamtilia Makena mfukoni. Ndani ya matatu kamba inafunguka. Kuku anaruka juu ya viti, abiria wanapiga mayowe, makanga anajaribu kumdaka anaambulia unyoya, mama mmoja anamtupia leso anamkosa. Makena anakaribia kulia. Halafu anakumbuka mahindi. Anazimwaga punje sakafuni, anamwita kuku kama nyanya alivyomwita, na kuku anajileta mwenyewe.

Humo mna karibu kila kitu kinachopatikana katika hadithi za watoto: mhusika anayetaka jambo, mahali, tatizo, majaribio yanayoshindikana, na suluhisho lililokuwa limefichwa mwanzoni. Kuielewa hadithi hii ni kuona kwamba mahindi ya ukurasa wa pili ndiyo yaliyomwokoa Makena mwishoni. Mtoto aliyetamka maneno tu atakwambia, “Kuku alitoroka wakamshika.” Mradi mzuri huionyesha tofauti ya watoto hawa wawili waziwazi.

Ninaoupenda kuliko yote hauhitaji hata shilingi. Mtoto hutia ndani ya mfuko vitu vitano vinavyohusu hadithi, husimama mbele ya wenzake, hutoa kimoja kimoja na kusema kinaingia wapi. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo ule wa kitambaa wa kwenda sokoni ndio unaotumika, na unafaa zaidi kwa sababu hauonyeshi kilichomo.) Kwa hadithi ya Makena angeweza kuleta kipande cha kamba, punje za mahindi, unyoya, leso na sarafu ya nauli. Utamu wa kazi hii uko kwenye kuchagua. Idadi ikiwa vitano, mtoto analazimika kuamua lipi ni kiini cha hadithi na lipi ni pambo, na huo ndio ufupisho ambao miaka michache baadaye tutamdai kwa maandishi. Akileta leso akasahau mahindi, mwalimu amejua jambo ambalo manila yenye pambo zuri kuliko zote isingemwambia. Tena hakuna mzazi anayeweza kusimama darasani kuusimulia mfuko kwa niaba ya mwanawe.

Wa pili wake ni kamba ya matukio. Mtoto huchora picha sita kwenye karatasi za daftari lililokwisha, moja kwa kila tukio, kisha huzitundika kwa vibanio vya nguo kwa mpangilio wa hadithi. Katika nyumba za ghorofa za Umoja au Pipeline kamba yenyewe tayari iko kwenye roshani. Watu wengi huishia hapo, ilhali sehemu yenye mafunzo ndiyo inayofuata. Badilisha picha mbili mahali pake, kisha uulize: “Na tukiiweka hii mbele ya ile?” Mtoto aliyeelewa atakukatalia. “Haiwezekani, Mama, lazima nyanya ampe mahindi kwanza, ama atayatoa wapi?” Maneno kama hayo yanaeleza sababu na matokeo, na yametoka kinywani mwa mtoto asiyeweza kuandika neno “matokeo” bila kukosea.

Upo pia mradi ambao hatukuuazima popote. Mtoto akisimama na kuita “Paukwa!” na darasa likaitikia “Pakawa!”, amekuwa fanani na wenzake wamekuwa hadhira. Utambaji tuliourithi una nidhamu yake, na nidhamu hiyo inafaa sana kupimia usomaji. Fanani hashiki kitabu, kwa hiyo hadithi lazima iwe imeingia kichwani. Anabadilisha sauti: nyanya ana yake, makanga ana yake, kuku naye ana yake, na ili aigize sauti ya makanga aliyekasirika lazima ajue amekasirikia nini. Hadhira hailali. Inaitikia, inaimba, inauliza, na fanani akiruka tukio wapo watakaomdaka: “Na leso je?” Katika darasa kubwa, ambako watoto hawawezi kupata zamu siku moja wote, hadhira hupewa kazi: safu moja ni abiria wanaopiga mayowe, nyingine ni injini ya matatu, nyingine inangoja neno “mahindi” ili ilie kama kuku. Mtoto anayengoja neno fulani husikiliza hadithi nzima. Nimeona watoto waliokuwa wakichezea penseli kila kipindi cha kusoma wakikaa wima kwa sababu wao ndio waliokuwa injini.

Mwenye haya mpe kikaragosi. Soksi iliyopoteza mwenzake na vifungo viwili vya macho vinatosha. Ajabu ni kwamba mtoto asiyefungua mdomo mbele ya watu husema mengi akiisemea soksi, kwa kuwa macho ya wenzake yanaitazama soksi, yeye hatazamwi.

Ngazi inayofuata ni kiti cha mhusika. Mtoto anakalia kiti mbele ya darasa na kuanzia hapo yeye ni Makena. Wenzake wanamuuliza: “Makena, mbona hukumwita kuku mapema?” Jibu halimo kitabuni. Inabidi alitoe kwenye yale yaliyomo: labda mayowe yalimtia hofu akasahau alichonacho mfukoni. Mtaala unataja fikra tunduizi, yaani kufikiri kwa kuhoji na kutafuta sababu, miongoni mwa umilisi wake, na wazazi huniuliza zinafanana vipi kwa mtoto mdogo. Zinafanana hivi. Ila mwalimu asiache jibu lolote lipite kwa kuwa linachekesha. Amwulize kwa upole, “Umejuaje? Tuonyeshe ukurasa.” Mtoto anayerudi kitabuni kutafuta ushahidi wa alichokisema amepiga hatua kubwa ya usomaji.

Boksi la viatu lenye mandhari ndani yake ndilo linalowatesa wazazi, na siwashauri walimu kuanza nalo. Likitumiwa, liwe na sharti: mtoto achague tukio moja tu, aseme kwa nini alichagua hilo, na kila kitu kilichomo ndani kiwe kimetajwa au kimechorwa kitabuni. Viti vya matatu vya vijisanduku vya kiberiti vilivyopinda pinda, vilivyobandikwa na mtoto mwenyewe, ni kazi kamili.

Kalamu haijafukuzwa. Kwa Gredi ya 3, barua kwa mhusika ni nzuri mno ikiwa imetanguliwa na kusimulia, kwa sababu mtoto aliyekwisha sema hadithi kwa mdomo ana cha kuandika. Mpe vianzio vitatu: nakumbuka ulipo…, nilishangaa kwa sababu…, ningekuwa wewe ninge…. Barua ya sentensi tatu zenye maana inazidi ukurasa ulionakiliwa nyuma ya kitabu.

Na kama kitabu si cha hadithi, kinahusu nyuki au mwezi, mifuko na viti havitafaa sana. Hapo mtoto aseme alichokuwa akikijua, alichokijua sasa, na anachotaka kujua bado.

Nani anapima, na anapima nini

Viwango vya tathmini shuleni vinajulikana: kuzidisha matarajio, kufikisha, kukaribia, na mbali na matarajio. Swali ambalo mara nyingi halijibiwi ni matarajio ya nini. Likiachwa wazi, urembo unajaza pengo, na mtoto wa nyumba yenye printa anazidisha matarajio kabla hajasema neno. Hili linaniuma, maana mtoto wa Mathare aliyeelewa hadithi nzima na kuleta karatasi iliyokunjika hupata alama ya chini kwa kosa la kutokuwa na manila.

Dawa yake ni sentensi moja ndani ya ujumbe wa Jumatano. Mwalimu aandike: “Nitasikiliza kama mtoto anaweza kusema nani alitaka nini, nini kilimzuia, na mambo yaliishaje.” Aongeze kwamba vifaa vipya havitakiwi. Mzazi akisoma hivyo anajua pa kuweka nguvu, na mwalimu naye amejifunga kupima alichokitaja. Mtoto anayejibu yote matatu na kuunganisha sababu amefikisha. Anayetaja matukio bila kuyaunganisha anakaribia. Rangi haiingii kwenye hesabu.

Kuhusu ushahidi: picha ya mradi inayotumwa kwenye kikundi humwonyesha mwalimu gundi na karatasi. Sauti ya mtoto iliyorekodiwa kwa simu kwa dakika moja, hata ikiwa na kelele za jirani, inamwonyesha mtoto. Ningefurahi sana shule zikianza kuomba hiyo.

Na mzazi? Anaweza kukata boksi gumu ambalo makasi ya mtoto hayaliwezi. Asichague tukio, asichague vitu vya mfuko, asisahihishe mchoro wa kuku mwenye miguu minne. Kazi yake kubwa ni kusikiliza huku akisonga ugali, na kusema “Ehe, kisha?” na “Kwa nini lakini?” Mtoto akikwama, mrudishe kitabuni. Usimpe jibu.

Kwa mtoto wa Gredi ya 1 ambaye silabi bado zinamshinda, msomee. Kitabu alichosomewa na kukielewa ni kitabu halali cha mradi, kwa sababu ile sehemu ya pili ya hesabu ya Gough na Tunmer hukua kwa kusikiliza muda mrefu kabla ya ile ya kwanza kukomaa. Mwalimu aambiwe ukweli kwamba alisomewa. Na mtoto akianza kusimulia kwa Sheng au kwa lugha ya nyumbani, mwache amalize. Ukimkatiza kila neno ili alisanifishe utaua hadithi. Mara ya pili aisimulie kwa Kiswahili cha kitabu, akisaidiwa na maneno yaliyomo, na utashangaa ni mangapi atakuwa ameyachukua.

Vitabu vyenyewe ni kikwazo cha kweli kwa familia nyingi, ingawa Nairobi ina milango ambayo haijulikani vya kutosha. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa 1931, ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara, yaliyo karibu zaidi na watoto wa huko kuliko katikati ya jiji. Maktaba ya Taifa ina tawi Buruburu. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, unatoa bure kwenye intaneti hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na zinaruhusiwa kuchapishwa. Darasa lisilo na vitabu vya kutosha linaweza kusoma hadithi moja kwa makundi, kila kundi likapewa aina yake ya mradi: hawa mfuko, hawa kamba, hawa kiti. Mwalimu anasikiliza kundi moja kwa siku, na ifikapo Ijumaa amewasikia wote bila kupoteza kipindi kingine.

Shinikizo la kubuni mradi mpya kila mara halina msingi. Muhula mmoja, aina mbili zinatosha. Mara ya kwanza mtoto anaposhika mfuko, akili yake iko kwenye kanuni: vitu vingapi, nasimama wapi, nasema nini. Mara ya tatu kanuni zimezoeleka, na akili yote iko kwenye kitabu. Shule inayobadilisha mtindo kila wiki ili kuwavutia wazazi humrudisha mtoto mwanzo kila wiki. Chagueni mfuko na kamba kwa muhula wa kwanza, mrudie kwa vitabu vinne au vitano, na kiti cha mhusika kingoje muhula wa pili, watoto watakapokuwa wamezoea kuulizwa “Umejuaje?”